Mwongozo wa Mheshimiwa Mtarajiwa: Kutoka Dukani, Kupitia Harambee, hadi Bunge la Kaunti

Duka lako la vifaa vya ujenzi limeshika. Simiti inatoka, mabati yanatoka, lori la pili umemaliza kulilipia, na vijana wa steji ya bodaboda wameanza kukuita mheshimiwa kabla hujafungua kinywa kuomba kura. Uchaguzi Mkuu ni Agosti 10, 2027. Wadi yako ni moja kati ya 1,450 nchini Kenya, na kiti chake unakitazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama nyama ikigeuzwa juu ya makaa. Hakuna ubaya. Viti lazima vikaliwe na watu, na mtu aliyewahi kulipa mishahara kila mwisho wa mwezi ana kitu cha kuleta.

Safari unayoianza ina vituo vitatu: biashara, harambee, kisha bunge la kaunti. Watu wa aina yako wengi hupotea kwenye cha pili na kufika cha tatu wakiwa wameshaharibika. Nitakutania njiani, maana mheshimiwa asiyetaniwa huota mapembe, lakini hakuna shauri humu ambalo sitaki ulifuate. Wadi yako ina zahanati, ina barabara ya murram, ina watoto wa chekechea. Watu wake wakikosea kwa kukuchagua, wataumia miaka mitano.

Anza kwa kulipa madeni. Ibara ya 193 ya Katiba inamzuia mtu aliyetangazwa mufilisi, ambaye bado hajaondolewa hali hiyo, asichaguliwe katika bunge la kaunti. Lakini mimi sisemi deni la benki peke yake. Nasema la yule fundi uliyemwambia aje Ijumaa, na la wapakiaji wanaongoja hela ya lori la juzi wakiwa wamekaa juu ya ngazi ya duka lako. Mtu anayewakalisha watu kwenye ngazi akiwa na duka moja atawakalisha wengi zaidi akiwa na ofisi ya wadi. Peleka makato ya wafanyakazi wako SHA na NSSF. Lipia leseni ya biashara ya kaunti kwa wakati, bila kumpigia mtu simu. Ukikwepa leseni leo, kesho utaenda kusimamia hazina ambayo hukutaka kuitilia shilingi.

Kisha kaa na mkeo, au mumeo, muulizane swali gumu: duka hili linaiuzia kaunti kitu chochote? Kama linaiuzia, chagua. Ama duka liache tenda za kaunti, ama wewe uache kiti. Na usinijie na habari kwamba kampuni imeandikishwa kwa jina la shemeji. Sheria imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa makundi ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kila wadi inawajua wazee wenye mvi wanaokula tenda hizo kwa jina la binti aliye chuoni. Binti mwenyewe hajawahi kuliona hilo gari la kokoto analosemekana kulimiliki. Ibara ya 75 inataka afisa wa dola aepuke mgongano wa maslahi yake na ya umma. Mgongano huo huanzia mezani kwako wakati wa chakula cha jioni, basi umalizie hapo hapo.

Kuna kitu kimoja cha dukani nataka ukibebe mpaka bungeni, nacho ni kujua bei. Unajua mfuko wa simiti ni shilingi ngapi Nairobi na unafika shilingi ngapi kijijini mvua ikinyesha. Unajua mabati ya geji 30 na ya geji 28, na unajua fundi akidanganya kuhusu ratili za misumari. Tutakuja kukihitaji. Kitu cha kuacha nyuma ni ile tabia ya kaunta: kwamba wewe ndiye mwenye mali, ukisema ndiyo ni ndiyo, na hakuna wa kukuuliza hesabu isipokuwa mtu wa ushuru.

Sasa harambee, na hapa nitakaa.

Jomo Kenyatta aliifanya harambee kuwa wito wa taifa siku ya Madaraka, Juni 1, 1963, na watu wakaitika kuliko serikali ilivyotarajia. Walijenga shule, zahanati na majosho ya mifugo. Shule nyingi za upili ambazo leo zina bango la wizara zilianza kwa mchanga uliobebwa vichwani na kina mama na mawe yaliyochongwa na wazee Jumamosi. Sijui mali ya umma yenye heshima kuliko darasa ambalo bibi yako alilibebea maji. Kwa hiyo nikisema harambee iliharibiwa, naisemea kwa uchungu, kwa sababu ilikuwa kitu chema na bado iko hivyo inapoachiwa wenyewe.

Wanasiasa waliigundua mapema. Ilipofika miaka ya themanini ilikuwa imekuwa mizani ya kupimia nani anafaa kuchaguliwa: si aliyesema nini bungeni, ni aliyetoa ngapi Jumapili. Machifu walitumwa kukusanya, na maskini walichangishwa kwa lazima ili mgeni wa heshima akute kikapu si kitupu. Utafiti wa tawi la Kenya la Transparency International, uliopitia habari za magazeti ya kuanzia 1980 hadi 1999, ulionyesha michango ya wanasiasa ikipanda kila uchaguzi ulipokaribia. Baada ya kura, mkono ulirudi mfukoni. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ikaja 2003, ikamkataza afisa wa umma kutumia ofisi yake kuwa mahali pa kuchangisha, au cheo chake kuwashinikiza watu watoe. Julai 2024, vijana walipokuwa barabarani wakipinga Mswada wa Fedha na kuuliza mamilioni ya kila Jumapili yanatoka wapi, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Novemba mwaka huo huo yeye mwenyewe alitoa mamilioni katika kanisa moja Katoliki la Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa. Tukio hilo liweke akilini. Kanisa lililokuwa likijenga nyumba ya padri, yaani lenye haja, lilikataa pesa. Heshima ya wadi nzima inaweza kuanzia kwenye jambo kama hilo.

Lakini wewe bado ni mwenye duka, hujawa afisa wa umma, na unayo kadi mkononi: harambee ya kuezeka ukumbi wa kikundi cha kina mama, Jumamosi saa nne asubuhi. Fanya hivi.

Fika saa nne. Kadi ikisema saa nne na wewe ukafika saa nane na magari sita, utawakuta watoto wa shule wamesimama juani tangu asubuhi wakisubiri kukuimbia, na kwaya imeshamaliza nyimbo zote inazozijua na imeanza upya. Magari mengine matano yaache nyumbani. Ukishuka, usiende moja kwa moja kwenye viti vya sofa chini ya hema kubwa. Nenda kwanza mezani.

Meza ndiyo harambee yenyewe. Ina kitambaa cheupe kilichodariziwa, na nyuma yake wameketi watu wawili, aghalabu mwalimu na mweka hazina wa kikundi. Mbele yao pana daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula: jina, taslimu, M-Pesa, ahadi. Soma safu ya mwisho ya daftari la harambee iliyopita, wakikuruhusu. Safu ya ahadi ndiyo makaburi ya waheshimiwa. Majina makubwa yamelala pale, kila moja na tarakimu yake, na hakuna alama ya vema pembeni inayoonyesha kwamba kitu kililetwa. Mwalimu anawajua wote. Ni mpole tu, hatasema kwenye kipaza sauti. Basi wewe toa ulichonacho siku hiyo hiyo. Na ukilazimika kuahidi, lipa kabla wiki haijaisha, udai stakabadhi, uitunze.

Kisha jogoo. Jogoo huyo ataletwa amefungwa miguu, atapigiwa mnada, atanunuliwa, na mnunuzi atamrudisha auzwe tena, hadi ameuzwa mara nne na bado ni jogoo mmoja. Mnunue mara moja ukitaka, cheka na watu, ni furaha halali. Lakini usimpandishe bei hadi mahali ambapo muuza mboga aliyekuja na shilingi mia mbili ameanza kuzikunja noti zake kiganjani asionekane. Hizo mia mbili ndizo zinazolifanya jengo liwe lake. Mwambie mshereheshaji alisome jina lake kwa sauti ile ile atakayolisomea lako. Asipokubali, shika kipaza sauti uyasome mwenyewe majina ya watoaji wa mia mbili, yote, hata kama yanachukua nusu saa. Wageni wa heshima watachoka. Waache wachoke.

Lile hundi la ubao lenye urefu wa mlango, lenye sahihi yako kubwa kama kichwa cha mtoto, usiende nalo. Benki haina dirisha la kulipokea, na kikundi kitabaki kikilitumia kuzuia mbuzi wasiingie jikoni.

Na kuna sentensi moja nakuomba usiitamke kamwe: "Mimi na marafiki zangu tumeleta kidogo." Marafiki hao ni akina nani? Nimekaa katika harambee nyingi nikiisikia, na sijasikia hata mara moja majina yakifuata. Ukiwa na marafiki waliochanga, wasomwe mmoja mmoja, na kazi wanayofanya isemwe. Kwa sababu rafiki wa mwanasiasa mara nyingi ana trekta la kuchonga barabara, na anachokitia kwenye kikapu leo amekipiga hesabu kwa kilomita. Barabara yenu ya murram itakuja nyembamba zaidi, imwagiwe udongo badala ya kokoto, na mvua ya kwanza itaondoka nayo. Hapo kina mama wa kikundi watakuwa wamelipa paa la ukumbi wao mara mbili, mara ya pili kwa nauli ya kumpeleka mgonjwa kwa pikipiki kwenye matope.

Kutoa ni sehemu ndogo. Ukitaka kujifunza uongozi, omba uwe katika kamati ya kuchangisha, tena kwenye kazi isiyopigiwa makofi: utunzaji wa fedha. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, yenye watia sahihi watatu, wawili wakihitajika kutoa. Pesa za simu ziingie kwenye namba ya malipo ya kikundi, zisiingie kwenye laini yako hata kama wewe ndiye mwenye simu nzuri. Michango ya hospitali siku hizi hufanyika katika kundi la WhatsApp usiku mmoja, na pesa zikipita kwenye laini ya mtu zinachanganyika na za mkopo wake wa simu. Mkopo unajikata wenyewe, mgonjwa anabaki. Paa lililochangiwa libaki paa. Kama zilizopatikana zimezidi, iteni mkutano, watu waamue. Kama zimepungua, semeni zimepungua kiasi gani. Hesabu yote, pamoja na gharama ya hema na soda, ibandikwe ukutani kwa ofisi ya chifu, kanisani na msikitini. Halafu baada ya mwezi rudi bila kipaza sauti uhesabu mabati yaliyopanda juu. Wewe ni mtu wa mabati, utajua geji kwa kugonga kidole.

Mtu aliyewahi kusimama mbele ya kina mama hamsini akawaeleza shilingi elfu tatu zilizokosekana zilikwenda wapi, na wakamwelewa, huyo namwamini na bajeti ya kaunti. Dukani pesa zilikuwa zako. Hapa ni za waliotoa, nawe umepewa tu kuzishika. Ukivuka kwenda kaunti zinakuwa za watu wote, pamoja na waliokupinga na wasiopiga kura kabisa.

Kuna mtu aliyeipita njia hii yote. Joseph Chamberlain alizaliwa London mwaka 1836, akapelekwa Birmingham akiwa na miaka 18 kuangalia maslahi ya familia katika kiwanda cha skrubu. Akatajirika. Akawa miongoni mwa waliounda Ligi ya Taifa ya Elimu mwaka 1869, chama cha watu waliochanga fedha na sauti ili watoto wa maskini wapate shule. Mwaka huo huo akaingia baraza la mji, na kuanzia 1873 hadi 1876 akawa meya. Mwaka 1874, akiwa meya, aliuza sehemu yake ya biashara ya skrubu akaachana nayo. Kisha aliuongoza mji kununua kampuni za gesi, na baadaye kampuni ya maji. Faida ya gesi, alisema, iende kuutengeneza mji. Maji yasiletee mji faida yoyote: kikizidi chochote, bei ishuke, kwa kuwa maji ni uhai wa watu. Soma tena hapo. Huyo alikuwa mfanyabiashara hasa, aliyejua kutafuta faida, lakini alijua pia ni wapi pa kutoitafuta. Uzeeni alichangisha fedha za kuanzisha Chuo Kikuu cha Birmingham, kilichopata hati yake 1900, na Andrew Carnegie pekee alitoa pauni 50,000.

Ningependa kumwachia hapo, lakini wasomaji wa Eldoret wana haki ya kusikia mwisho wake. Chamberlain alikuja kuwa Waziri wa Makoloni. Desemba 1902 alipita nchi yetu kwa reli mpya, akaitazama ardhi kupitia dirishani, na mwaka 1903 serikali yake ikajitolea kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya eneo la Uasin Gishu wakae. Mkutano wa Wazayuni ulikuja kulikataa toleo hilo mwaka 1905, baada ya kutuma watu kulikagua eneo. Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa. Aliyejua vizuri kwamba maji ya Birmingham ni ya watu wa Birmingham hakuuliza malisho yale ni ya nani. Heshima ya mtu kwa mali ya wengine inaweza kuishia pale anapoacha kuwafahamu kwa sura. Nawe kaunti yako ina pembe usizozijua, na lugha usizozisikia. Zitembelee pembe hizo kabla hujapiga kura juu yazo.

Sasa umeapishwa. Kama hukupata tiketi ya chama ukasimama kama mgombea binafsi, ulihitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi yako. Yatunze majina yao, ni watu waliokuamini kabla ya bendera yoyote. Jambo la kwanza ni kufahamu kwamba hujapewa pesa. Gavana na mawaziri wake ndio wanaotekeleza. Wewe unawakilisha, unatunga sheria, na kwa Ibara ya 185 unausimamia utendaji wao. Kazi yako kubwa ni kusoma na kuuliza. Najua imekukatisha tamaa. Uliota kuzindua, na mimi nakupa karatasi.

Karatasi hizo zina tarehe, na tarehe zina nguvu kuliko hotuba. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bungeni kabla ya Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha unafika kabla ya Februari 28. Makadirio ya bajeti yanafika kabla ya Aprili 30, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Daraja la wadi yako lisipoingia katika mpango wa Septemba, kelele zako za Juni ni za bure. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Angalia imeandikwa, halafu angalia imetumika, maana hivyo ni vitu viwili. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo mwaka, na mara kwa mara zimezinyoshea kidole kaunti kwa pesa zinazomalizikia safarini. Utaalikwa na wewe kwenye safari ya mafunzo, hotelini, ufukweni, kujifunza usimamizi wa taka. Kaa nyumbani. Taka za soko lenu zitakufundisha.

Fungua kitabu cha makadirio kwenye idara ya afya, utafute zahanati yako. Huenda ukakuta mstari unaosema "ukarabati", na kiasi. Tafuta kitabu cha mwaka jana, na cha mwaka juzi. Mstari ukiwa umejirudia na paa bado linavuja kwenye chumba cha kujifungulia, basi hapo ndipo ile elimu ya simiti inapolipa. Chukua kalamu. Paa la vyumba vinne, mabati kadhaa, mbao kadhaa, misumari, fundi na vibarua wiki mbili: wewe unajua jumla yake hata usingizini. Nenda nayo kwenye kamati. Muulize afisa, kwa adabu, umwite daktari kama ni daktari na injinia kama ni injinia: hii tofauti ni ya nini? Uliza tena wiki ijayo. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ikiletwa, Katiba inalipa bunge miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Usiiache ilale kwenye droo ya karani. Hutapigiwa makofi. Huenda wenzako wakaacha kukukalia karibu mkahawani. Lakini tofauti ile ukiirudisha mara moja tu, umeipa wadi pesa ambazo duka lako lisingeweza kuzitoa kwa miaka kumi ya harambee.

Hiyo ndiyo sababu inayonifanya nimhofu mheshimiwa mkarimu. Anatoa elfu hamsini Jumapili, na Jumanne anainua mkono kupitisha mamilioni ambayo hakuyasoma. Watu wanaziona hizo hamsini. Zile nyingine hakuna aliyeziona.

Angalia pia unachangia nini. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati, masoko, maji, barabara za kaunti. Shule za msingi na za upili ni za serikali ya kitaifa. Mwakilishi wa wadi anayepigwa picha akikabidhi madawati ya shule ya upili huku watoto wa miaka minne wa wadi yake wakiketi juu ya mawe amefanya kazi ya mwingine na kuiacha yake. Na chekechea haina wazazi wenye sauti kubwa. Wengi ni vijana, wengi ni wasichana waliozaa mapema. Wasemee hao.

Ibara ya 196 inataka bunge liwashirikishe wananchi. Usiitishe mkutano huo siku ya soko saa nne asubuhi kisha ukaandika kwamba wanawake hawakujitokeza. Usiufanyie kwenye hoteli ya mji mkuu wa kaunti, nauli mia sita kwenda na kurudi. Uufanye kwenye ukumbi ule ule mlioezeka, mabati umeshayahesabu. Chukua ukurasa wa wadi tu, uuandike kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, herufi kubwa, uubandike siku saba kabla. Watu wakija, nyamaza uandike.

Sasa lile lililo gumu zaidi. Utakuwa umetoka mkutanoni, na vijana wa steji watakuzunguka. "Mheshimiwa, hutuachii kakitu?" Usiwadharau. Njaa yao ni ya kweli, na waliotangulia ndio waliowazoesha. Waambie hivi: "Ndugu zangu, leo sina cha kugawa. Lakini Alhamisi kamati inajadili ushuru wa maegesho ya pikipiki. Nipeni watu wawili niende nao, wakaseme." Wengine watakucheka usoni. Mmoja atasema ulikuwa bora ukiwa na duka. Wawili wakija Alhamisi, wape nafasi ya kusema kabla yako. Na kwenye matanga nenda ukae na wafiwa mpaka jioni. Toa rambirambi kama jirani anavyotoa, uipeleke kwa mkono kwa mwenye msiba, asitajiwe mtu kiasi.

Zawadi utakazopewa hadharani, zile shuka na fimbo za wazee na picha za kuchora, kwa Ibara ya 76 ni za Jamhuri, ila zile ambazo sheria imeziruhusu. Ziandikishe kwa karani. Usiulize wenzako wanafanyaje.

Inawezekana ukafanya haya yote na bado ukashindwa 2032 na mtu mwenye magari sita na hundi la ubao. Nimeliona likitokea, na linaniuma kila mara. Usikimbilie mahakamani kama huna ushahidi, na usizime simu. Una siku 30 za kujaza fomu ya mwisho ya kutangaza mali, na hapo utajua kama ulikuwa mtu wa maana: linganisha na ile uliyoijaza ulipoingia. Halafu mpigie aliyekushinda, mkutane mahali pa wazi, umkabidhi faili la wadi: miradi iliyolipwa na isiyokamilika, barua ambazo hazijajibiwa, maswali yaliyobaki kwenye kamati ya afya, majina ya wanakamati wa chekechea, na namba ya simu ya yule mzee wa mradi wa maji, kwa sababu ramani ya mabomba haijawahi kuchorwa na yeye peke yake ndiye anayejua yamepita shamba la nani.